Hewa imevuja kifuani mara mbili: nifanye nini isirudie?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 25, naishi Pasua, Moshi, na ni mpagazi Mlima Kilimanjaro. Mwaka jana pafu la kulia lilisinyaa ghafla, nikawekewa mrija, nikapona. Mwezi uliopita limerudia upande uleule, na sikuanguka wala kugongwa. Daktari anataka kunigandisha utando wa mapafu. Mama anaogopa, anasema nipumzike tu. Nifuate lipi? Na msimu wa wageni mwezi Juni nitaweza kupanda?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hofu ya mama naielewa, lakini katika hili nasimama na daktari wako. Katika watu watatu waliovuja hewa mara ya kwanza bila kuumia, takribani mmoja hurudia, na mara nyingi ni ndani ya mwaka mmoja au miwili. Akisharudia, hatari ya mara ya tatu inakuwa kubwa zaidi, na kupumzika hakuipunguzi.

Sababu iko juu kabisa ya pafu. Vijana wengi wa umri wako wanaopata tatizo hili, hasa warefu na wembamba, huwa na vibofu vidogo vya hewa chini ya utando. Kimoja kikipasuka, hewa huingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linanywea. Mrija ulitoa hewa hiyo tu. Nadhani uliiangalia ile chupa pembeni ya kitanda: ukikohoa, mapovu yanapanda, tundu likishaziba, unakohoa na maji yanapanda na kushuka tu ndani ya kijimrija bila povu. Tundu limeziba, sawa, lakini vibofu vingine vimebaki palepale.

Kugandisha maana yake ni kuufanya utando wa pafu ushikamane na utando wa ukuta wa kifua, hata kibofu kikipasuka hewa isipate pa kukaa. Njia rahisi ni kupitisha dawa kwenye mrija: unga wa talki, doksisaiklini au povidoni ayodini. Inauma, kwa hiyo uliza mapema utapewa nini cha maumivu, na homa ya siku moja mbili isikutishe. Inafanya kazi vizuri pale tu pafu limejaa na kugusa ukuta; likiwa bado limenywea, hakuna cha kushikamana. Njia ya pili ni upasuaji, kwa kamera au kwa kufungua kifua: vibofu vinakatwa na utando unakwaruzwa. Hapo wanaorudia kwa kawaida hawafiki 5 katika 100. Kwa kijana mwenye kazi yako, baada ya mara mbili, mimi ningependelea upasuaji. Mwombe daktari akupe rufaa hospitali ya KCMC ujadiliane na madaktari wa upasuaji wa kifua.

Hukuniambia kama unavuta. Sigara huongeza hatari hii kwa wanaume karibu mara 20, na bangi nayo inaumiza mapafu. Kama unavuta, acha leo. Katika yote unayoweza kufanya wewe mwenyewe, hakuna lenye uzito kama hilo.

Hakikisha pia umepimwa makohozi kwa TB, na VVU. Huku kwetu pafu hutoboka pia kwa sababu ya TB, na kwa wachimbaji wa Mirerani vumbi la mawe huongeza tatizo. Ikiwa chanzo ni TB, lazima itibiwe. Kugandisha peke yake hakutoshi.

Kuhusu Juni, siwezi kukuahidi. Ninachokihofia zaidi mlimani ni kuvuja ukiwa mbali na hospitali. Kileleni, mita 5,895, presha ya hewa ni takribani nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kadiri unavyopanda na kulibana pafu zaidi. Usibebe kilo 20 kabla eksirei haijaonyesha pafu limejaa na daktari wa upasuaji hajakuruhusu. Mwambie kiongozi wa msafara historia yako. Asiposikia kwako, ukibanwa na pumzi atadhani ni ugonjwa wa mwinuko tu.

Ukisikia kichomi cha ghafla upande mmoja na pumzi inakata, iwe nyumbani Pasua au kambini Horombo, usisubiri kukuche. Kama uko mlimani, shushwa mara moja. Ukifika hospitali, neno la kwanza liwe: "Niliwahi kuvuja hewa kifuani, upande wa kulia."