Ratiba iliyokufa siku ya tatu

Nilipoanza kuandika tasnifu yangu ya uzamivu nilijitengenezea ratiba ya kupendeza: rangi nne, saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku. Nikaibandika ukutani hapa nyumbani Ngamiani. Siku ya tatu ilikuwa imeshakufa. Umeme ulikatika, shemeji akashuka kutoka Lushoto bila taarifa, na mchana kukawa na msiba barabara ya jirani. Ratiba yangu haikuwa na rangi ya msiba.

Nilikuwa nimepanga saa ambazo sina. Basi nikaacha kupanga, nikaanza kuhesabu. Wiki nzima nilitembea na kidaftari. Kila nikiacha kazi, naandika nimeanza lini na nimemaliza lini. Nilipojumlisha nilijionea haya. Siku niliyodhani nimeandika kutwa, nilikuwa nimeandika saa moja na dakika 40. Kwingine kote ni simu, kutafuta marejeo, na wanafunzi wa "Madam, dakika mbili tu." (Anayefundisha anazijua dakika hizo.)

Siku hizi naandika baada ya swala ya alfajiri mpaka saa 2 asubuhi, simu iko chumba kingine. Usiku kabla ya kulala naacha sentensi moja ya kuanzia, hata kama ni mbovu. Mchana wa Machi, kwa joto hili la Tanga, usinitake hoja. Nauachia kujaza alama, barua pepe na kupanga marejeo.

Kusahihisha ndiko kulikokuwa kukinimaliza. Muhula uliopita nilikuwa na skripti 140, na nilishajipa siku nne. Safari hii nikapima kwanza kwa skripti kumi: wastani dakika 12 kila moja. Zidisha: dakika 1,680, yaani saa 28. Kwa saa tatu kwa siku, hizo ni siku kumi! Miaka yote nilikuwa najiita mvivu, kumbe hesabu ndiyo ilikuwa haitoshi. Wewe pia pima kabla hujamwahidi mkuu wa idara tarehe.

Wengi watakushauri mbinu ya Pomodoro, aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980: kazi dakika 25, mapumziko 5. Kwa skripti inanifaa mno. Mbili, nanyoosha mgongo, naendelea. Kwa kuandika siitaki. Dakika ya 25 ndiyo kwanza maneno yanaanza kunitii, halafu kengele inalia.

Na Alhamisi alasiri siipangii kitu. Hiyo ni ya wageni, misiba, foleni ya benki na kazi zilizochelewa. Wiki iliyopita hakuna kilichokuja kuidai, nikachukua baiskeli nikaenda zangu Raskazone, kidaftari nimekiacha mezani.