Taa za gari zimekuwa njano? Usikimbilie dawa ya mswaki kama mimi

Juzi nimeweka picha ya gari yangu, Toyota IST, msomaji mmoja kaniuliza "kaka hizo taa umenunua bei gani?" Sijanunua kitu ndugu yangu. Ni zilezile zilizokuwa njano kama asali ya Sikonge.

Ngoja nisimulie maana bado inaniuma. Mwaka jana narudi Tabora toka Nzega usiku, fulu nimewasha lakini mwanga kama kibatari, nashtukia baiskeli ya mkaa hii hapa, haina taa haina riflekta, nikakwepa mpaka nje ya lami. Jamaa alinitukana Kinyamwezi chote na sikuwa na la kujibu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja (simtaji), akasugua na dawa ya mswaki, akachukua elfu thelathini, zikang'aa mpaka nikamuongezea ya soda. Wiki tatu tu zikarudi kulekule. Kumfuata ananiambia "bosi taa zako zimezeeka, nunua zingine." Mbele za watu!

Ndo nikaanza kutafuta mwenyewe. Kumbe ile sio kioo, ni plastiki ya polikaboneti, kiwandani wanaipaka ngozi nyembamba ya kuzuia jua, jua likishaila hiyo ngozi unjano unaanza, na gari zetu zimeota jua miaka kibao huko Japani kabla hazijakutana na jua la huku. Dawa ya mswaki inasugua juujuu, kinga haiachi.

Kwa hiyo zungushia maskin tepu usikwangue rangi, chukua msasa wa maji namba 800, halafu 1500, 2000, malizia 3000, maji yasikauke. Hapo kwenye 800 taa inakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, mama watoto alitoka akashika kiuno, "umeshaua gari." Usiogope, kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Kisha kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi ya gari, na kitambaa laini. Ila kama ukungu uko ndani ya taa, hayo ni maji yameingia, utasugua mpaka Krismasi.

Mwisho klia, yaani vanishi isiyo na rangi, ya kupuliza yenye kinga ya jua, nyembamba nyembamba mara mbili tatu. Mi ya kwanza nilipulizia chini ya mwembe, kiangazi, upepo ukaja na vumbi lote la Cheyo likaganda pale pale, nikaanza upya na msasa karibu nilie.

Vijana wenzangu tunapenda rimu na muziki mnene huku usiku huoni hata shimo, halafu tukigonga mtu tunasema bahati mbaya. Bahati gani? Piga msasa, weka klia. Nasema tena, klia! Bila klia umefanya kazi ya yule fundi.

Ambaye wiki hii kapita hapa nyumbani, kazizunguka taa weee, mwisho kauliza klia nimepata duka gani. Nikamwambia, mjini.