Njia ya treni ya sumaku: panga kona na maji kwanza, treni baadaye

Mkuu, umeuliza mpangaji wa njia ya treni inayoelea kwa sumaku huanzia wapi, na kwa nini Wajapani, ambao treni yao ilifika kilomita 603 kwa saa Aprili 2015, bado hawajafungua njia ya Tokyo hadi Nagoya. Jibu ni moja: treni ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe iko ardhini.

Anza na kona. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, Japani haikubali kona yenye nusukipenyo chini ya mita 8,000. Piga hesabu uone sababu. Mwendo huo ni mita 139 kwa sekunde. Zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa 8,000, unapata 2.4, yaani karibu robo ya uzito wa abiria ikimsukuma pembeni. Ukiinamisha njia nyuzi 10 unaondoa kama 1.7, na 0.7 inayobaki inavumilika. Kwa treni ya kilomita 160 kwa saa, kama SGR ya Tanzania, kona ya mita 820 ingetoa msukumo uleule. Kwa hiyo njia hii haina uwezo wa kuzunguka mlima wala mji, inapita katikati. Ndiyo maana karibu asilimia 86 ya kilomita 286 za Tokyo–Nagoya ni mahandaki. Nafuu iko kwenye mwinuko: inaruhusiwa kupanda mita 40 kwa kila 1,000, kwa kuwa haitegemei gurudumu kung'ang'ania reli.

Vituo ndipo wanasiasa watakapokusumbua. Treni ikiongeza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, inahitaji karibu kilomita 10 kufikia 500, na kilomita 10 nyingine kusimama. Kituo kimoja, pamoja na dakika mbili za kupakia, kinakula zaidi ya dakika nne. Safari nzima imekusudiwa kuwa dakika 40, kwa hiyo ukikubali vituo kumi umeua mradi. Japani iliweka vinne njiani, kimoja kwa mkoa: Kanagawa, Yamanashi, Nagano na Gifu. Shizuoka ulipata handaki bila kituo.

Mota haiko ndani ya treni. Koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, zimepangwa kwenye kuta mbili za njia, mwanzo hadi mwisho, na umeme hulishwa kipande kwa kipande, treni moja kwa kipande. Idadi ya vipande na vituo vya kulisha umeme ndiyo inayoamua treni ngapi zitapita kwa saa, kwa hiyo amua ratiba kabla ya kuchora mtandao wa umeme. Ukitaka kuongeza treni baadaye, itabidi uubadilishe mfumo wa kulisha.

Chagua pia mwanya kati ya treni na njia kulingana na udongo. Treni ya sumaku ya Shanghai, China, inaelea kama sentimita 1 tu, kwa hiyo nguzo ikididimia kidogo kwenye udongo laini lazima boriti irekebishwe. Japani, nchi ya matetemeko, ilichagua sentimita 10, na gharama yake ni sumaku zinazopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, pamoja na magurudumu ya mpira ya kutumia hadi karibu kilomita 150 kwa saa.

Sasa maji, na hapa ndipo ratiba ilipovunjika. Handaki linapita kilomita 10.7 ndani ya Shizuoka, chini ya vyanzo vya mto Oi. Makadirio ya 2013 ya kampuni ya reli yenyewe yalionyesha mto ungeweza kupungukiwa hadi mita za ujazo 2 kwa sekunde. Mkoa ukakataa kibali cha kuchimba, na Machi 2024 kampuni ikatangaza kwamba kufungua njia mwaka 2027, kama ilivyopangwa, haiwezekani. Gharama ya awali ya yeni trilioni 5.5 imefika trilioni 11.

Kiini cha mgogoro ni mteremko. Wachimbaji hupenda kuchimba wakipanda, ili maji yanayobubujika yatoke yenyewe nyuma yao. Wakichimba wakishuka, maji ya ghafla yanaweza kuwazamisha. Lakini kupanda kutokea Yamanashi kunamaanisha maji ya Shizuoka yanatiririkia mkoa jirani. Kwa maoni yangu madai ya Shizuoka yalikuwa halali kabisa. Mwaka 2024 huko Mizunami, Gifu, visima na mabwawa vilipungua maji karibu na handaki la njia hiihii.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza tarehe yoyote ya kufungua, pima visima, chemchemi na mito yote juu ya handaki katika misimu yote, ukiwa na wenyeji. Toboa matundu ya uchunguzi mbele ya handaki. Kisha andika kwenye mkataba maji yatarudishwa kwa njia ipi wakati wa kuchimba na baada yake, na nani atalipia pampu.