Mchungaji Mpya Kijijini: Aanzie Wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimewekewa mikono hivi karibuni na kupangiwa usharika wa kijijini wenye kanisa mama na mitaa mitatu ya mbali inayoongozwa na wainjilisti. Wazee wa kanisa wana umri wa wazazi wangu, na mchungaji aliyenitangulia, ambaye sasa amestaafu, anaishi papa hapa na bado huitwa kuongoza mazishi. Ibada ni ndefu mno, kamati zimelala na vijana wanapungua. Nina mipango mingi, lakini kila nikiitaja wazee hunijibu, "Tutaona." Nianzie wapi?

JIBU: Mchungaji, usiichukulie hiyo "tutaona" kuwa ni ukaidi. Wazee hao wamekwisha kuona watumishi wakija na kuhamishwa, na yaelekea wameachiwa mikononi zaidi ya jambo moja lililoanzishwa kwa kishindo. Wanachokipima kwa sasa ni wewe mwenyewe, kabla ya mipango yako. Kwa hiyo, katika mwaka wa kwanza usiguse utaratibu wa ibada, wala muda wake, wala nafasi ya mtu katika kamati, isipokuwa pale penye madhara yaliyo wazi. Fedha ni suala la peke yake, nami nitalieleza hapa chini.

Anza na vitabu vya usharika. Keti na daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi, uyasome ukurasa kwa ukurasa kama unavyosoma Maandiko unapoandaa mahubiri. Humo utaona koo zinazorudiarudia, mama aliyebatiza watoto watano na kuzika wawili, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka jana, na vijana waliopata kipaimara pamoja kisha majina yao yasionekane tena popote. Baada ya hapo nenda nyumbani kwao, ukianza na wagonjwa, wajane na wale walioacha kuja ibadani. Usiende na karatasi ya michango, kwa kuwa nyumba ambayo mchungaji huifikia akidai ahadi tu hujifunza kufunga mlango. Yohane Maria Vianney, padre Mkatoliki, alipofika Ars, kijiji kidogo cha Ufaransa, mwaka 1818, hakuwa msomi wa kutajika, na Kilatini kilikuwa kimemsumbua sana masomoni. Alisali, aliwatembelea watu majumbani mwao, akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1859. Wewe huenda usikae hata robo ya muda huo, lakini waumini watajua mapema kama unaishi nao au unasubiri uhamisho.

Kuhusu umri, wengi wetu hupenda kunukuu 1 Timotheo 4:12, "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako," na kuishia hapo, ilhali mstari unaendelea kumtaka Timotheo awe kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Heshima hiyo haidaiwi kikaoni.

Sasa fedha, jambo ambalo halingoji mwaka upite. Sadaka ihesabiwe kanisani mara baada ya ibada, na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wahesabuji watie sahihi, mweka hazina apokee, na jumla itangazwe Jumapili inayofuata. Fedha zisilale nyumbani kwako hata usiku mmoja, hata kama mtangulizi wako alizoea kuzihifadhi na hakuna aliyemshuku. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, alihakikisha kwamba mchango uliokusanywa unasindikizwa na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kumlaumu. Mzee akikuuliza kama humwamini mweka hazina, mjibu kwamba utaratibu huu unamlinda yeye kwanza.

Mitaa ya mbali usijaribu kuibeba peke yako. Yethro alimwonya Musa katika Kutoka 18 kwamba angechoka yeye na watu wake pia. Panga ratiba ya Meza ya Bwana kwa kila mtaa, uitangaze mapema, na usiivunje kwa sababu ya mvua au kikao. Kutana na wainjilisti kila mwezi mkasome pamoja somo la Jumapili zijazo, maana wao ndio wanaohubiri huko wakati wewe haupo, na mara nyingi hawana kitabu cha ufafanuzi hata kimoja.

Amebaki mchungaji mstaafu. Nenda kwake wewe, tena mapema, kabla wapambe hawajaanza kupeleka maneno huku na huku. Mwambieni mzee kiongozi mkiwa wote wawili kwamba anayefiwa atoe taarifa kwako kwanza, kisha wewe ndiwe utakayemwalika mtangulizi wako asome neno au aombe. Familia ikisisitiza kwamba aliyewabatiza ndiye awazikie baba yao, ongoza liturujia wewe na umwachie yeye mahubiri.