Pasipoti ya Armenia pekee haitamwingiza kijana timu ya taifa

SWALI: Wakili, salaam kutoka Marseille. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume wangu ni Mfaransa mwenye asili ya Armenia. Mwanetu ana miaka 17, yuko akademia ya soka, na ameitwa timu ya Ufaransa ya vijana chini ya miaka 18. Kuna wakala anataka tumlipe amtafutie pasipoti ya Armenia. Anasema kijana achezee Ufaransa bila wasiwasi, akikosa namba kwa wakubwa Armenia watamchukua wakati wowote, maana damu ni damu. Babu yake mume wangu alitoka Marash. Wakwe zangu wote wawili walizaliwa hapa Marseille. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe, mama. Hilo la "damu ni damu" nalisikia kila msimu, safari hii kwa Waarmenia, safari nyingine kwa Wakongomani au Wakomoro, na kila mara nakuta wazazi wameshatoa akiba yao.

FIFA haiulizi kabila la mchezaji wala jina lake la ukoo linaishia na nini. Inauliza ana uraia wa nchi gani na aliupata lini. Uraia ukiwa mpya, inauliza tena: yeye mwenyewe, mzazi wake, au babu na bibi yake, nani alizaliwa katika nchi hiyo? Wakwe zako walizaliwa Marseille. Aliyezaliwa Marash ni baba wa babu, na kanuni inaishia kwa babu. Isitoshe, Marash leo iko Uturuki. Hili ndilo linalonikera zaidi kwa mawakala hawa: familia nyingi za Waarmenia wa Ufaransa, Lebanon na Argentina zinatokana na watu waliofukuzwa Anatolia, eneo ambalo leo ni Uturuki, si waliotoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Machungu ya wazee hao ni ya kweli, lakini ukisoma cheti chao cha kuzaliwa, mji ulioandikwa hauko ndani ya Armenia ya sasa. Njia iliyobaki ni ukazi, na kwa anayehamia baada ya kutimiza miaka 18 ni miaka mitano ya kuishi hukohuko.

Serikali ya Armenia ina kanuni zake, na ni laini. Ilifungua mlango wa uraia pacha mwaka 2007, na mtu wa asili ya Kiarmenia hupewa njia nyepesi. Hata cheti cha ubatizo cha kanisa la Kiarmenia huweza kutumika kuthibitisha asili. Kwa hiyo pasipoti wakala anaweza kuileta kweli. Anachoficha ni kwamba ofisi inayotoa pasipoti siyo inayoidhinisha mchezaji.

Najua atakutajia majina. Sargis Adamyan, mcheza soka aliyeichezea Armenia, alikulia Ujerumani, lakini alizaliwa Yerevan. Norberto Briasco ni mzaliwa wa Buenos Aires na ameichezea Armenia, ndiyo. Lakini faili la mchezaji wa namna hiyo hushughulikiwa na shirikisho la nchi, wakala hana dirisha lake FIFA. Kisha atakuja na Armen Nazaryan, aliyeshinda dhahabu ya mieleka Atlanta 1996 akiwa wa Armenia, na nyingine Sydney 2000 akiwa wa Bulgaria. Huo ni mchezo mwingine kabisa! Kwenye Olimpiki, mwenye uraia mpya husubiri miaka mitatu tangu alipoiwakilisha nchi ya kwanza, ila nchi hiyo ikiridhia muda huweza kupunguzwa. Wakenya wanamkumbuka mwanariadha Stephen Cherono, aliyehamia Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen: Kenya haikuridhia, akaikosa Athens 2004. Kanuni za mieleka au riadha hazimwombei mcheza soka.

Sasa hilo la "wakati wowote". Mechi ya kirafiki haimfungi kijana. Mechi ya mashindano, hata ya kufuzu kwa vijana, hata akiingia dakika ya 89, inaandikwa. Akiwa siku hiyo hana uraia wa nchi ya pili, atakapotaka kuhama baadaye itabidi awe aliichezea Ufaransa mara ya mwisho kabla ya kutimiza miaka 21, na awe na ule uhusiano wa kuzaliwa au wa ukazi, ambao upande wa Armenia hamna. Akifika timu ya wakubwa, kanuni ya 2020 inamvumilia mechi tatu tu za wakubwa, hata za kirafiki zikihesabiwa, zote kabla ya miaka 21, kisha asubiri miaka mitatu. Akigusa fainali za Kombe la Dunia au Euro, basi tena. Na ombi lenyewe la kuhama ni mara moja.

Nashangaa wakala hakukuuliza wewe umezaliwa wapi. Kama ulikuwa raia wa Kenya siku ulipojifungua, Katiba ya 2010 inamtambua mwanao kuwa raia wa kuzaliwa, na Mombasa inajibu swali la FIFA bila kumtafuta babu yeyote. Hiyo haina dalali, ndiyo maana haitajwi.

Wazazi wengine mnaosoma hapa, iwe mnaahidiwa Armenia, Bahrain au Rwanda: kabla ya kutoa hata senti, dai barua ya shirikisho la nchi husika yenye jina la kijana, kisha wapigieni shirikisho wenyewe muulize kama waliiandika. Picha ya simu haitoshi, na "mjomba wangu yuko ndani" haitoshi kabisa.

Mume wako akitaka uraia wa Armenia kwa mapenzi ya asili yake, aende ubalozi wa Armenia, Paris, na aulize mapema juu ya utumishi wa jeshi, kwa sababu Armenia huwaita vijana wa kiume wakitimiza miaka 18. Mwanao, akiuchukua uraia huo naye, anaingia umri huo mwakani.