Sabuni punguza, maji ongeza: majibu ya maswali ya nepi

Leo ni zamu ya nepi za kitambaa. Walioniuliza kama ni bora kuliko pampasi nimewaruka. Nilishalijibu hilo, na mfuko wa kila mtu anaujua mwenyewe.

Nepi za mwanangu nafua vizuri, lakini akikojoa kidogo tu harufu inapanda mpaka macho yanawasha. Nimebadilisha sabuni mara nyingi, wapi! Nitumie ipi? (Mama wa Mbagala)

Umenitajia sabuni zote za dukani, maji ya kusuuza hukuyataja hata mara moja. Ugonjwa uko hapo. Wengi wetu tunasuuza nepi zote kwenye ndoo moja: ya kwanza inatoka safi, ya mwisho inachovywa kwenye povu la wenzake. Sabuni inayobaki kwenye nyuzi inashika uchafu, vijidudu vinapata makazi, na mkojo ukivifikia vinauvunja na kutoa hewa kali iitwayo amonia. Hiyo amonia ndiyo inayokuwasha macho, na ndiyo inayomchoma mtoto makalio.

Weka sabuni kando. Chukua hizo nepi zikiwa kavu, zilizofuliwa, uzisuuze kwa maji matupu. Kamua moja juu ya beseni la maji safi utazame kinachodondoka. Kikiwa cheupe au kikitoa povu, badili maji, rudia. Nepi ya usiku isuuze asubuhi ileile, usiifungie kwenye ndoo mpaka siku ya kufua. Na kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, sabuni ya mche inaganda na kuacha utando kwenye kitambaa. Fulia sabuni ya unga, kiasi, na yale madumu ya maji baridi, yasiyo na chumvi, unayonunua yaweke kwa ajili ya kusuuza mwisho.

Naweza kutia yale maji ya kulainisha nguo, yenye harufu nzuri?

Hapana. Yanapaka nyuzi utando, kitambaa kinakataa kunyonya. Utakuwa na nepi inayonukia maua na shuka lililolowa.

Naloweka nepi kwenye jiki usiku kucha ziwe nyeupe. Sasa zinachanika. Je, ni jiki feki? (Morogoro)

Jiki ni nzima, dada, ndiyo maana pamba imekula hasara. Halafu sijui nani aliwafundisha kumwaga jiki juu ya nepi yenye mkojo. Vikikutana vinatoa hewa inayobana kifua, na wewe umeinamia karai, pengine mtoto yuko mgongoni. Hata dawa ya choo usiichanganye nayo.

Kinyesi kitoe kwa maji ya baridi kwanza, maana ya moto hugandisha doa. Kisha fua, suuza, anika juani zikiwa bado na maji. Lile doa la manjano la mtoto anayenyonya hufifia kwa jua tu. Likibaki kidogo, liache. Mtoto hajaomba nepi nyeupe, ni nyinyi mnaoogopa macho ya wageni kwenye kamba.

Mama yangu anamsema mke wangu kwa kutopiga pasi nepi. Mke wangu anasema ni kupoteza mkaa. Nani yuko sahihi? (Baba wa mapacha)

Mama yako, lakini mwambie apunguze sauti, na wewe ushike pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na harufu ya mkojo humvuta zaidi. Funza wake huingia ngozini mwa mtoto, mnaona jipu lenye tundu katikati. Joto la pasi linaua mayai. Pitisha pande zote mbili na usiruke mapindo, maana ndiko unyevu unakochelewa. Anikeni kwenye kamba, jua kali, na kuanua kabla ya jioni. Wakati wa masika, nguo zinapokaukia ndani, pasi haina mjadala.

Nepi mpya hazinyonyi kabisa, mkojo unateleza tu.

Zifue mara tatu nne kabla ya kuzitumia, zina dawa ya kiwandani. Na punguza mafuta ya mgando: yanahamia kwenye kitambaa.

Kinyesi cha mtoto anayenyonya si kichafu, sivyo?

Kila safari lazima mmoja aulize. Ni kinyesi! Mwaga chooni, si uani wala kwenye sinki la vyombo, na nawa mikono kwa sabuni. Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko na iinuliwe juu. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye maji machache.

Natarajia mtoto wa pili. Nepi za wa kwanza nilizihifadhi sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Nikizifua mara moja inatosha? (Tanga)

Haitoshi, na nashukuru umeuliza kabla. Vidonge vingi vya aina hiyo ni naftalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kitu cha mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu. Ni wa kurithi, uko sana katika nchi za malaria kama zetu, na kwa kumtazama mtoto huwezi kuujua. Naftalini ikimfikia, chembe nyekundu za damu zinavunjika, anapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Zile nepi zifanye matambara ya jikoni, nunua nyingine, na nguo na mablanketi mengine ya sanduku hilo yasimguse mchanga. Mtoto akionekana macho ya manjano, hospitali siku hiyohiyo. Habari ya kumwanika juani mpaka ipungue, achana nayo. Vidonge vilivyobaki vitoe nyumbani kabisa, huyo mkubwa atavidhania pipi.

Ninunue nepi ngapi?

Dazeni mbili. Ukijifungua masika, ongeza.