Nina miaka 34, niweke asilimia ngapi kwa pensheni ya kazini?

Swali: Nafanya kazi Nairobi, mshahara ni 80,000 kabla ya makato. Kwa skimu ya kazini nakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 5, mbali na NSSF. Mwezi ujao nahamia kazi ingine na kwa hiyo skimu niko na kama 600,000. Jamaa mmoja ananiambia nitoe ninunue ploti. Na huko ninakoenda niweke asilimia ngapi kwa umri wangu?

Jibu: Ya asilimia tuimalize haraka. Ukiwa miaka ishirini na kitu, 10 ukijumlisha yako na ya mwajiri inatosha kuanzia. Kwa umri wako mimi nataka kuona 15, na ukianzia arobaini ni 20 kwenda juu na hapo utaisikia kweli. Kwako ni kuongeza 4,000 ya hiari juu ya zile 8,000 zinazoingia saa hii, na hata mfukoni hutaisikia yote, mchango haukatwi kodi mpaka 30,000 kwa mwezi na wewe uko kwa bendi ya kodi ya asilimia 30, kwa hivyo mshahara utapungua 2,800 tu.

Sasa hiyo 600,000, hapo ndio nataka tukae. Kila wiki naulizwa "niweke ngapi" na mtu ambaye amehama kazi mara tatu na mara zote tatu alitoa. Ndoo imetoboka chini halafu unaniuliza ujaze na kikombe cha saizi gani! Watu wanaamini ile pesa ya skimu ni kama bonasi ya kuagwa, ati ni kidogo, nitaanza upya huko mbele. Hakuna kuanza upya. Tuseme skimu inapata asilimia 10 kwa mwaka, ni mfano tu, kuna miaka itapata chini ya hapo, hiyo 600,000 ukiiacha tu bila kuongeza shilingi inafika milioni 7 ukiwa na 60. Ndio, najua bei zitakuwa zimepanda, hata unga, lakini bado ni milioni 7. Kwa hesabu hiyo hiyo mwenye kuweka 5,000 kila mwezi tangu 27 anafika kama milioni 14 akiwa na 60, anayeanza 40 inabidi aweke 20,000 kila mwezi ndio amfikie. Kila ukitoa unajirudisha kwa huyo wa 40.

Alikuja kuniona mzee wa miaka 58, bahasha ya kaki mkononi, ndani stetimenti za waajiri wanne. Tatu zimeandikwa sifuri. Ya nne, 412,000. Pesa ya kwanza ilienda kwa ploti Kitengela na mpaka siku hiyo bado anaambiwa hati ya ploti inashughulikiwa. Akaniuliza aweke asilimia ngapi ili apate pensheni ya maana. Nilinyamaza kwanza.

Sikatai ploti, nunua, lakini na mkopo wa sako au akiba yako, sio hii. Na huyo jamaa muulize analipwa nini ukitoa. Siku hizi wako wengi sana, wanajiita washauri, wanajua tarehe yako ya mwisho kazini kuliko hata bosi wako, mmoja anauza ploti, mwingine foreksi ya asilimia 10 kwa mwezi (kwa mwezi jamani!), na wote wana haraka, ofa inaisha Ijumaa. Skimu yako haina ofa ya Ijumaa. Sheria haikuruhusu kuchukua yote na wanajua, ndio maana wanakimbilia ile sehemu unayoruhusiwa kutoa, na ukitoa mapema KRA inaweza kukata yake, wakati ukingoja umri wa kustaafu hulipi kodi kabisa tangu sheria ibadilike mwisho wa 2024.

Kwa hivyo ukipewa fomu ya kuondoka, usiweke tiki pale pa kulipwa. Omba ihamishiwe skimu ya mwajiri mpya, na kama hana skimu, ipeleke kwa skimu ya mtu binafsi iliyosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia skimu za pensheni. Baada ya miezi miwili itisha stetimenti uone kama imefika.